Dibaji: Historia ya Maneno Yanayotangulia

Ukifungua kitabu chochote cha Kiswahili, kabla ya sura ya kwanza utakutana na kurasa chache zenye vichwa vilivyozoeleka: tabaruku, shukrani, dibaji, utangulizi. Wasomaji wengi huzipita mbio. Mwanafunzi huziruka kwa kuamini kwamba mtihani hautoki humo, na mnunuzi wa riwaya huziruka kwa sababu ana hamu ya kisa. Hata hivyo kurasa hizo zina historia ndefu kuliko vitabu vyenyewe. Ndani yake tunaona nani aliruhusiwa kusema kwanza, kwa lugha gani, na kwa idhini ya nani. Ukifuatilia safari ya neno dibaji, unafuatilia pia namna Waswahili walivyoupata, wakaupoteza, kisha wakaudai tena ukurasa wa mbele wa vitabu vyao.

Kitambaa cha wafalme: karne ya 3 hadi ya 8

Dibaji ilianza kwa mfumaji, kabla haijamfikia mwandishi. Katika Uajemi wa wafalme wa Kisasani, waliotawala tangu mwaka 224 hadi 651, mafundi walifuma hariri nzito yenye nakshi. Mapambo yake yaliingizwa katika mfumo wenyewe wa nyuzi, hayakuchorwa juu yake. Waarabu walilichukua jina la kitambaa hicho kutoka Kiajemi, wakalitamka dibaji. Lilikuwa vazi la fahari, nalo liliingia hata katika mafundisho ya dini: katika Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Hudhaifa, Mtume Muhammad aliwakataza wanaume kuvaa hariri na dibaji, katazo linalokwenda pamoja na lile la kunywea vyombo vya dhahabu na fedha. Katazo hilo linatuonyesha jinsi watu wa zama zile walivyokithamini kitambaa hiki. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia pia kwamba katika karne ya 7 Kaaba ilianza kuvishwa dibaji.

Kutoka kitambaani neno lilihamia usoni. Waarabu walisema dibaji ya uso wakimaanisha uzuri wa ngozi ya uso wa mtu. Muhammad, mtoto wa Imamu Jaafar as-Sadiq, aliitwa ad-Dibaji kwa sababu ya uzuri wake. Kisha neno likahamia kwenye matini. Sahaba Abdallah bin Masud anapokewa akiziita sura saba za Kurani zinazoanza kwa herufi Ha na Mim, yaani sura ya 40 hadi ya 46, kuwa ni dibaji ya Kurani. Hapo ndipo maana mpya ilipopata mlango: maneno nayo yanaweza kuwa na upande wa fahari, upande unaoonekana kwanza. Haikuwa safari ndefu tena hadi kuuita mwanzo wa kitabu dibaji.

Makatibu na wanazuoni: 750 hadi 1377

Aliyeupa mwanzo wa maandishi hadhi ya sanaa alikuwa katibu. Abdul Hamid, maarufu kwa jina la al-Katib, alimtumikia Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa dola ya Kiumayya, iliyoanguka mwaka 750. Barua za kiserikali zilikuwa fupi na kavu. Abdul Hamid alizirefusha, akazifungulia kwa maneno mapana ya kumhimidi Mungu, na makatibu waliomfuata wakaufanya mtindo huo kuwa kanuni ya kazi.

Mtindo huo ulikuwa na mzizi wa kidini. Kuna Hadithi mashuhuri inayofundisha kwamba kila jambo zito lisiloanzwa kwa kumhimidi Mungu huwa limekatika. Hivyo khutba, barua na kitabu vyote vilianza kwa jina la Mungu, sifa zake, na sala kwa Mtume. Baada ya hapo likaja neno la kuvuka, *amma baadu*, lenye kumjulisha msikilizaji kwamba salamu zimekwisha na sasa yanaanza yaliyokusudiwa. Mwanafunzi wa shule ya msingi wa leo anayeandika kwenye barua yake "baada ya salamu" anatumia daraja lile lile.

Wanazuoni wa balagha, yaani elimu ya ufasaha, waliongeza sharti la ufundi. Walisema mwanzo bora ni ule unaodokeza habari yenyewe, kiasi kwamba msomaji mwerevu akisoma sifa za Mungu zilizochaguliwa na mwandishi anaweza kukisia kama kitabu ni cha sheria, cha tiba au cha vita. Ufundi huo waliuita *baraat al-istihlal*, na *istihlal* ni sauti ya kwanza ya mtoto anayezaliwa.

Kilele cha sanaa hii kilifikiwa mwaka 1377, katika ngome ya Ibn Salama, nchi inayoitwa leo Algeria. Ibn Khaldun, akiwa amejitenga na siasa za masultani, aliandika kwa muda wa miezi mitano utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha historia. Humo alieleza jinsi dola zinavyoinuka na kuanguka, jinsi mshikamano wa jamaa unavyozaa nguvu na starehe inavyoiua. Dunia imeusahau karibu mwili wote wa kitabu hicho, lakini *Muqaddima*, yaani utangulizi wake, inasomwa hadi leo kama kitabu kamili.

Kilwa, Pate na Siyu: 1500 hadi 1860

Katika pwani ya Afrika Mashariki masimulizi yalikuwa na ufunguzi wake tangu zamani. Mtambaji alisema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", na bila jibu hilo hadithi haikuanza. Ufunguzi huo ulikuwa mapatano: msimulizi ameomba, wasikilizaji wamekubali. Pamoja na kitabu, kalamu na karatasi, maneno yaliyoletwa na elimu ya Kiarabu, pwani ilipokea pia ada za kufungua maandishi, na Waswahili wakazichanganya na hisia zao za mazungumzo ya ana kwa ana.

Mfano wa awali tulionao umo katika *Kitab as-Sulwa*, historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 na mtu wa hapo hapo aliyezaliwa mwaka 1499. Jina lake halikutufikia. Nakala ya kitabu hicho ilitolewa na Sultani Barghash bin Said wa Unguja kwa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, na ipo London mpaka leo. Mwanzoni mwake mwandishi anaeleza jinsi alivyokipanga kitabu: utangulizi na milango kumi. Nakala iliyobaki ina milango saba tu. Kama mwandishi asingetanguliza mpango wake, tungeichukua milango hiyo saba kuwa ndiyo kazi nzima. Maneno machache ya mwanzo ndiyo yanayotujulisha ukubwa wa tulichopoteza kuhusu mji uliowahi kutawala biashara ya dhahabu ya Sofala.

Kaskazini, katika visiwa vya Lamu, mashairi ya Kiswahili yalijenga dibaji yake. Utenzi wa Tambuka ulitungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728, na una beti zaidi ya 1,100. Katika tenzi za mkondo huu hatua za ufunguzi zinajulikana: mtunzi anaanza kwa jina la Mungu, anamswalia Mtume na masahaba, anaomba wino, kalamu na karatasi nzuri, anasema kisa amekitoa wapi, ndipo anaingia katika kisa chenyewe. Ndiyo maana walimu wa fasihi wakichambua utenzi huziita beti hizo za mwanzo dibaji, na za mwisho, ambamo mtunzi hutaja jina lake na tarehe, tamati. Katika kisiwa hicho hicho cha Pate, kwenye karakana za Siyu, waandishi wa misahafu walizipamba kurasa za ufunguzi kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, kwa nakshi zinazomfanya mtu akumbuke milango ya mbao ya pwani.

Lakini dibaji inayogusa zaidi kuliko zote za zama hizo ni ya mwanamke. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Unguja, alitunga utenzi wake karibu na mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Haanzi na sifa za Mungu moja kwa moja. Anamwita mtoto asogee. Anamwambia kwamba ugonjwa umemshika, mwaka umetimia, wala hajapata nafasi ya kumpa neno jema. Anamwomba aje akae mbele yake na wino na karatasi. Ndipo anapomwelekeza aanze kwa kuandika jina la Mungu. Ada zote zimo, ila zimewekwa mikononi mwa msichana aliyekaa karibu na mama mgonjwa. Kwa beti chache tu tumejua nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini hawezi kungoja. Mwana Kupona alifariki miaka miwili hivi baadaye.

Mitambo ya chapa: 1864 hadi 1928

Mwezi Agosti 1864 Askofu Tozer na Edward Steere, wamisionari wa Kianglikana, walifika Unguja, na muda si mrefu misheni yao ikawa na mtambo wa chapa ulioendeshwa na vijana waliofundishwa hapo hapo. Steere alitoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, na mwaka huo huo mkusanyiko wa hadithi za Unguja. Vyote vilikuwa na dibaji, na dibaji zote zilikuwa za Kiingereza. Katika ile ya hadithi aliwashukuru watu wa Unguja waliomsimulia. Hadithi zenyewe zilichapwa kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, ila mlangoni alisimama Mwingereza akizungumza na Waingereza.

Jambo hilo lilikuwa na sababu zake. Vitabu vya wakati ule vililipiwa na jumuiya za Ulaya, vilinunuliwa na wageni waliotaka kujifunza lugha kwa ajili ya dini, biashara au utawala, na hati iliyochaguliwa ilikuwa ya Kirumi, ambayo Waswahili wengi waliojua kusoma hawakuitumia. Wao walisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Msomaji aliyekusudiwa na dibaji alikuwa ng'ambo. Msemaji wa lugha aligeuka kuwa habari inayoelezwa.

Ujerumani ilipoitawala Tanganyika hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwaka 1903 kulitoka mjini Göttingen kitabu *Desturi za Wasuaheli*. Kiini chake ni maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin. Anaeleza unyago, harusi, mazishi, ngoma, biashara na safari za bara kwa Kiswahili safi ambacho wanahistoria bado wanakitegemea. Jina lililosimama jaladani lilikuwa la mhariri Mjerumani, Carl Velten. Aliyeandika alipatikana ndani. Aliyetangulizwa alikuwa mwingine.

Hata hivyo upande mmoja mambo yalikuwa yameanza kubadilika mapema. Mwaka 1888 vijana wa shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, walianza kutoa jarida lililoitwa *Msimulizi*, na humo watu waliolelewa na Kiswahili walianza kuwaandikia wenzao, kwa salamu zao wenyewe.

Idhini ya Kamati: 1928 hadi 1960

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi, ikishughulikia Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kati ya majukumu yake lilikuwamo la kuvikagua vitabu vilivyokusudiwa kwa shule na kutoa idhini kwamba lugha yake imefikia kiwango. Idhini hiyo ilichapwa kitabuni. Kabla ya neno la mwandishi, msomaji alikuta neno la Kamati. Katika miaka ya kwanza wajumbe wa Kamati walikuwa Wazungu, kwa hiyo mtu aliyezaliwa ndani ya lugha alisubiri kuthibitishiwa lugha yake na mtu aliyejifunza ukubwani. Hatuwezi kuikana faida iliyopatikana: tahajia moja na vitabu vya kiada vilivyosomeka kutoka Kampala hadi Lindi. Hata hivyo gharama ilikuwa kubwa, hasa kwa lahaja za Mombasa na Lamu, zilizobeba karne kadhaa za ushairi na ghafla zikaonekana kama makosa ya kusahihishwa.

Wakati huo huo tenzi za kale ziliendelea kuchapishwa na wataalamu kutoka Ulaya. Utenzi wa Mwana Kupona ulitoka mwaka 1934 kwa juhudi za Alice Werner na William Hichens, na *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir mwaka 1939 kwa mkono wa Hichens. Mwaka 1957 ukachapwa utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu vita vya Maji Maji, ukiwa na tafsiri ya W. H. Whiteley na utangulizi wa kihistoria wa Margaret Bates. Kazi hizi ziliyaokoa maandishi ambayo mchwa na unyevu vingeyamaliza, na wanatudai shukrani. Ila matokeo yake ni kwamba kila utenzi ulikuwa sasa na dibaji mbili: ya Kiswahili ndani ya beti, ikimwita Mungu na msikilizaji, na ya Kiingereza mbele yake, ikieleza utenzi ni kitu gani. Mswahili asiyejua Kiingereza aliweza kusoma habari za vita vya babu zake, lakini si maelezo yaliyotangulia juu ya vita hivyo.

Waandishi wachukua ukurasa wao: 1954 hadi 1979

Mabadiliko hayakuja kwa amri. Yaliletwa na watunzi waliotaka kujieleza wenyewe. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji aliyekuja kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Mpangilio wa kitabu umo katika jina lake: sheria kwanza, diwani baadaye. Kwa Kiswahili, akiwaandikia Waswahili, alieleza vina, mizani na kanuni nyingine za fani, ndipo akaonyesha mashairi yake. Sehemu ya mbele ya kitabu ikawa darasa, na mwalimu wake alikuwa mshairi mwenyewe.

Uhuru uliharakisha mwendo. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya *Kinjeketile*, juu ya vita vile vile vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Safari hii utangulizi uliandikwa na mtunzi. Alieleza mazingira ya vita, kazi ya kulazimishwa na mashamba ya pamba ya Wajerumani, kisha akaweka wazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, asichukuliwe kuwa picha halisi ya mtu aliyeishi Ngarambe. Miaka 12 tu ilikuwa imepita tangu utenzi wa Abdul Karim utolewe na utangulizi wa Kiingereza.

Mombasa nako Shihabuddin Chiraghdin alihariri *Malenga wa Mvita*, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo iliyotoka mwaka 1971, akiutetea kwa vitendo ushairi wa Kimvita. Miaka miwili baadaye ilitoka *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla. Mashairi hayo aliyaandika kwa siri gerezani, alikofungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi *Kenya: Twendapi?*, na baadhi yake yaliandikwa kwenye karatasi za msalani. Diwani ya namna hiyo haiwezi kusomwa sawasawa na mtu asiyejua ilikotoka; inahitaji neno la kuitanguliza.

Halafu ukaja mwaka 1974. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa diwani ya *Kichomi*, na katika utangulizi wake akatetea shairi lisilofungwa na vina wala mizani. Alitaka ushairi uisogelee lugha ambayo watu huitumia katika mazungumzo yao ya kila siku. Kwa kurasa chache tu za mbele aliwasha moto uliowaka magazetini, madarasani na kwenye makongamano kwa miaka mingi. Washairi waliofuata arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, walimwona mvunjaji wa nyumba. Wanamabadiliko walimwona mkombozi. K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi wakaingia uwanjani na *Malenga wa Bara* mwaka 1976, kisha *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* mwaka 1979, ambamo nadharia ilitangulia tena mashairi. Mahali pale pale ambapo Amri Abedi aliweka sheria mwaka 1954, ndipo uasi dhidi ya sheria hizo ulipotangazwa miaka 20 baadaye. Mgogoro mkubwa kuliko wote wa fasihi ya Kiswahili katika karne ya 20 ulipiganwa kwa kiasi kikubwa ndani ya tangulizi.

Utangulizi wa katiba: 1965 hadi 2010

Maneno ya mwanzo yana uzito wa namna nyingine katika siasa na sheria. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifunguliwa kwa Imani ya chama cha TANU, orodha ya misingi ambayo siasa yote iliyofuata ilijengwa juu yake. Kwa upande wa katiba, Tanzania ilichukua njia iliyoleta somo gumu. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliweka haki za binadamu katika utangulizi, na Katiba ya mwaka 1977 ikaendelea hivyo. Usawa, uhuru na heshima ya mtu vilitajwa kwa lugha nzuri mwanzoni kabisa. Lakini wananchi walipotaka kuzitegemea haki hizo mahakamani, mahakama zilishikilia kwamba utangulizi hauna nguvu ya kumpa mtu haki anayoweza kuidai. Yaliyosemwa kwanza yalikuwa ahadi tu.

Marekebisho ya mwaka 1984 ndiyo yaliyozihamisha haki kutoka utangulizi na kuziingiza katika mwili wa Katiba, ibara ya 12 hadi ya 29, pamoja na wajibu wa raia. Hata hapo zilisubiri hadi mwaka 1988 ndipo mashauri yakaruhusiwa kufunguliwa. Katika historia nzima ya maneno ya mwanzo katika nchi zetu, hakuna kuhama kwingine kulikogusa maisha ya watu wengi namna hiyo.

Kenya ilipozindua Katiba yake tarehe 27 Agosti 2010, utangulizi wake ulisema kwa jina la wananchi wenyewe. Unamtambua Mungu, unawaenzi waliopigania uhuru na haki, unataja wingi wa makabila, tamaduni na dini, na kuapa kuyatunza mazingira kwa vizazi vijavyo. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 haikuwa na maneno ya aina hiyo. Ilikuwa imejadiliwa Lancaster House, London.

Maana na matumizi leo

Leo Kiswahili kina msamiati kamili wa sehemu hizi, na kila neno lina asili yake. Tabaruku, lenye mzizi mmoja na baraka, ni kumtunukia mtu kitabu. Shukrani inajieleza. Dibaji ni neno la ufunguzi kuhusu kitabu na mwandishi wake: kilizaliwaje, kina thamani gani. Mara nyingi huandikwa na mtu mwingine, mwalimu au msomi anayekidhamini kitabu mbele ya watu, ingawa wapo wachapishaji wanaoliita dibaji hata neno fupi la mwandishi mwenyewe. Utangulizi umetoka katika kitenzi chetu cha Kibantu, tangulia, kwa kupitia tanguliza, yaani kukifanya kitu kiende mbele. Ndio unaoingia ndani ya mada: hoja, mipaka, njia iliyofuatwa. Katika tasnifu za vyuo vikuu umekuwa sura ya kwanza kabisa, na mtahini huanzia hapo. Katika sheria na katiba neno linalotumika zaidi ni utangulizi.

Jukwaani ada nazo zimebadilika. Khutba ya Ijumaa bado inafuata mfumo wa kale, himidi na sala kwa Mtume kabla ya mawaidha. Katika mikutano ya serikali, harusi na mahafali, mzungumzaji huanza kwa kuwataja wakubwa kwa vyeo vyao, kuanzia mgeni rasmi. Orodha ilipozidi urefu, wasemaji walipata njia ya mkato: "itifaki imezingatiwa." Tamko hilo limeokoa muda wa watu wengi waliokaa juani. Lakini adabu ya mwanzo isipoambatana na neno lenye maana huwa sauti tupu, na wasikilizaji huanza kunong'onezana kabla risala haijasomwa.

Historia hii inatoa hukumu iliyo wazi. Mwandishi wa Kilwa aliyetaja milango kumi, Mwana Kupona aliyemwita binti yake na wino, Hussein aliyeeleza vita kwa Kiswahili, na Kezilahabi aliyesimama na hoja yake, wote walimpa msomaji vitu vitatu: nani anasema, anasema na nani, na kwa sababu gani. Dibaji yenye hivyo vitatu inadumu. Iliyojaa sifa za kukopa, iliyoandikwa na mkubwa ambaye hakukisoma kitabu, inakipa kitabu heshima isiyokuwa yake na inamnyima mwandishi nafasi ya kusikika.

Basi mwandishi, andika utangulizi wako mwenyewe kwa lugha ambayo kitabu chako kinazungumza, na umwombe dibaji mtu aliyekisoma kweli. Mchapishaji, usiuondoe ukurasa huo kwa kubana gharama. Nawe msomaji, kitabu kijacho utakachokishika, usianze na sura ya kwanza. Anza na maneno yaliyotangulia, kwa sababu waliokutangulia walipigania haki ya kuyaandika.